KAZI NA ZANA: Matairi ya Mashine ya Nyasi Yakiisha

Wako watu katika mwambao wa Malindi na Kilifi ambao riziki yao ni nyasi. Hawafugi ng'ombe wala hawaezeki mapaa. Kazi yao ni kuziweka nyasi fupi mbele ya hoteli, nyumba za wageni, shule na makanisa, tangu Mtwapa hata Mambrui. Zamani zana zao zilikuwa panga na fyekeo, na mtu aliyepewa uwanja wa mpira aufyeke kabla ya Jumamosi aliujua vema mgongo wake siku ya Jumapili.

Mashine ya kukatia nyasi yenyewe si jambo jipya. Mwingereza Edwin Budding aliibuni mwaka 1830, na wazo lake alilipata katika mashine za viwandani zilizokuwa zikipunguza manyoya ya nguo za sufu. Ile ambayo mtu huketi juu yake na kushika usukani kama dereva ilikuja baadaye sana, na sasa inanguruma katika bustani nyingi za mwambao huu. Ndugu zake wakubwa zaidi wamo katika viwanja vya gofu vya Malindi na Vipingo. Mwenye mashine ya namna hiyo huishughulikia injini kama mwana wa pekee. Mafuta huyapima, visu huvinoa, chujio la hewa hulipuliza vumbi. Lakini akiulizwa matairi yake yana umri gani, hukuna kichwa.

Na mwambao huu hauyahurumii matairi. Penye mchanga huota mbigiri, mmea unaotambaa chini wenye maua madogo ya manjano, na tunda lake likikauka hupasuka vipande vyenye miiba migumu ambavyo, vyovyote viangukavyo, mwiba mmoja huelekea juu. Wapanda baiskeli wa Malindi hawahitaji kuelezwa habari zake. Pasipo na mbigiri pana matumbawe, maana udongo wa pwani mahali pengi ni ngozi nyembamba tu juu ya jiwe, na jiwe hilo likichomoza lina makali kama chupa iliyovunjika. Kisha liko jua. Tairi la gari huliwa na barabara, bali la mashine ya nyasi, ambayo mwendo wake haupiti sana ule wa mtu anayetembea kwa haraka, huliwa na jua. Mara nyingi meno yake yangali yanaonekana, na huku ubavuni mpira umekauka na kufanya nyufa kama matope ya kidimbwi kilichokauka. Mashine ikisimama miezi mitatu bila kazi, matairi yake yakiwa hayana upepo wa kutosha, hukunjamana mahali pale pale, na nyufa hupanuka.

Mtu aweza kusema ya kuwa mashine isiyokwenda barabarani haina haja ya matairi mazuri. Huyo hajapata kuiendesha juu ya hori ya Kilifi asubuhi ya masika. Bustani nyingi za huko, upande wa Mnarani na upande wa mjini, huteremka kuelekea majini, na mwisho wake ni genge. Yapasa ikumbukwe ya kwamba katika mashine nyingi za namna hii breki hushika magurudumu ya nyuma tu. Tairi la nyuma likiwa na upara, na nyasi zikiwa zimelowa, gurudumu hufungwa na breki kama ilivyokusudiwa, lakini mashine huendelea kuteleza kama mtumbwi unaoshushwa pwani, na mtu yuko juu yake na visu viko chini yake. Watengenezaji wengi huonya mashine isipelekwe kwenye mteremko unaozidi digrii 15, yaani mahali ambapo kwa kila hatua nne za kwenda mbele ardhi hupanda kimo cha hatua moja hivi. Nao huagiza mteremko ukatwe kwa kupanda na kushuka, si kwa kuukata kimshazari, kwa kuwa mashine ikipinduka hupindukia ubavuni. Maonyo hayo yote yametolewa kwa mashine yenye matairi mazima.

Liko na jambo dogo zaidi, nalo ndilo linaloonwa kwanza na mwenye nyumba. Kimo cha visu hutegemea magurudumu. Tairi moja likilegea, sahani ya visu huinama upande mmoja, na uwanja hutoka na mistari ya ngazi, hapa ndefu pale fupi, kama kichwa kilichonyolewa na mtoto.

Mathalan yuko mtunza bustani wa nyumba moja ya wageni karibu na Watamu. Mvua za vuli zimenyesha, nyasi zimefika gotini, na wageni wa Desemba wako njiani. Matairi mawili ya nyuma yamekwisha. Shauri la kwanza analopewa ni kuipakia mashine katika gari ipelekwe Mombasa, safari ya kilomita mia moja na zaidi, ikangoje zamu yake huko. Shauri la pili ni kuyatia matairi hayo upepo mwingi zaidi ili yawe magumu. Shauri hili la pili ni baya kupita yote, maana tairi lililojaa kupita kiasi husimama juu ya utepe mwembamba katikati, likateleza zaidi, na nyufa zake zikafunguka. Shauri la tatu ni kuibadili mipira hiyo mwenyewe, kwa vyombo vya kawaida, mbele ya banda lake. Kazi hiyo si ya mtaalamu. Ni ya mtu mwenye subira, na mwambao huu utaipima subira yake mahali pamoja hasa, kama itakavyoonekana.

Kabla ya kugusa spana, kwanza asome. Ubavuni mwa kila tairi pameandikwa namba, kwa mfano 20x8.00-8 nyuma na 15x6.00-6 mbele, vipimo ambavyo hupatikana katika mashine nyingi. Namba ya kwanza ni kimo cha tairi zima kwa inchi, ya pili ni upana wake, na ya mwisho ni upana wa ringi linalovikwa tairi hilo, kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati. Namba hii ya mwisho haina mapatano. Tairi la inchi 8 halikai katika ringi la inchi 6 hata likiombwa. Namba za kwanza nazo zifuatwe, maana tairi refu kuliko lile la zamani huinua visu na laweza kukwaruza bati la mashine. Jambo jingine la kutazamwa dukani ni meno. Meno makubwa ya mshazari, kama ya trekta la shambani, hupendeza macho, lakini hung'oa ukoka kila mashine inapopinda. Bustani hutaka meno mafupi, mapana, yaliyokaribiana. Na matairi ya nyuma hununuliwa mawili pamoja. Jipya moja na kuukuu moja hayatalingana kimo, na mistari ya ngazi itarudi.

Siku ya kazi mashine huwekwa mahali tambarare, pagumu. Ufunguo hutolewa, na waya wa plagi huchomolewa, ili injini isije ikazungusha visu kwa bahati mbaya. Magurudumu yanayobaki chini huzuiwa mbele na nyuma. Jeki huwekwa chini ya ekseli au fremu, wala si chini ya sahani ya visu, ambayo ni bati tu. Kisha chini ya fremu huingizwa gogo nene la mti, mashine ikaketi juu yake, jeki isiachiwe mzigo peke yake. Hapa watu wa pwani wana desturi mbaya: huchukua tofali la matumbawe kwa kuwa liko karibu. Jiwe hilo linajenga nyumba kwa sababu mzigo wake umetandazwa ukutani. Likibanwa mahali pamoja na chuma hupasuka bila kutoa taarifa. Kipande cha boriti kinafaa zaidi.

Gurudumu la mbele mara nyingi hushikwa na kitu kidogo sana. Chini ya kifuniko cha plastiki mna pete ya chuma iliyo wazi upande mmoja, imeingia katika mfuo mwishoni mwa ekseli. Husukumwa nje kwa bisibisi, nayo hupenda kuruka, basi mtu aizuie kwa kitambaa, ama sivyo ataitafuta nyasini hata magharibi. Nyuma yake mna washa. Zikitoka hizo, gurudumu huvutwa likaja. La nyuma huwa na namna mbili. Namna moja hufungwa kwa boliti nne au tano kama gari. Namna ya pili hushikwa na pete kama ya mbele, na kati ya ekseli na gurudumu mna kijiti cha chuma cha mraba kinachofanya viwili hivyo vizunguke pamoja. Kijiti hicho ni kidogo kuliko kidole, lakini kikipotea injini itaunguruma na ekseli itazunguka bure na mashine haitakwenda. Kiwekwe ndani ya kikombe pamoja na pete na washa.

Hapa ndipo subira inapotakiwa. Katika nchi kavu gurudumu huteleza likatoka. Malindi, chumvi ya bahari imekuwa ikiingia baina ya ekseli na gurudumu tangu siku mashine ilipofika, na kutu imeviunganisha vitu viwili vikawa kama kimoja. Mtu mwenye haraka hushika nyundo na kulipiga ringi, na hupata ringi lililopinda na gurudumu lisilotoka. Aliye na busara hunyunyiza mafuta ya kulegeza kutu mahali pale ekseli inapoingia, akagonga taratibu kwa nyundo iliyozuiwa na kipande cha mti, akanyunyiza tena, akaenda zake nyumbani kulala. Asubuhi hurudia. Pengine siku ya pili haitoshi, na ya tatu pia huhitajiwa. Haidhuru, maana ekseli iliyoharibika kwa nyundo itamgharimu kupita matairi manne. Likitoka, kutu isuguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae, na wakati wa kurudisha gurudumu ekseli ipakwe grisi nyingi, ili yeye au mrithi wake katika kazi asiyaone tena mateso hayo.

Kuliondoa tairi katika ringi ni kazi ya kukalia chini. Kiini cha valvu hufunguliwa, upepo wote ukatoka. Ukingo wa tairi, ambao ndani yake mna waya za chuma, umegandamana na ringi kwa miaka mingi, na lazima usukumwe uingie katikati. Wenye uzito huukanyaga kwa visigino. Ukikataa, gurudumu hulazwa chini, na kipande cha ubao kikasimamishwa juu ya mpira karibu kabisa na ringi. Kisha ncha moja ya boriti ndefu huingizwa chini ya kitu kizito, kama lori lililosimama, boriti ikapita juu ya ubao ule, na mtu akaikandamiza ncha ya pili. Ukiachia upande wa kwanza, gurudumu hugeuzwa. Baada ya hapo maji ya sabuni hupakwa pande zote, na vyuma viwili bapa, kama vile vya mafundi wa baiskeli ila virefu zaidi, huutoa ukingo nje kidogo kidogo. Katikati ya ringi mna bonde. Siri yote ni hiyo: upande mmoja wa ukingo ukiwa umezama bondeni, upande wa pili hupata nafasi ya kuvuka. Asiyejua hilo atatoka jasho na kulaumu vyuma.

Ringi likiwa tupu, litazamwe mahali tairi linapokalia. Kutu ikiwa imefanya magamba pale, upepo utavuja hata tairi likiwa jipya. Husuguliwa kwa brashi ya waya, likapakwa rangi ya kuzuia kutu, likaachwa likauke kabisa. Likiwa limetoboka, hakuna dawa, hununuliwa jingine. Na mkia wa valvu, ule mpira mdogo unaochomoza, ubadilishwe wakati huo huo. Bei yake ni ndogo, nao umezeeka pamoja na tairi.

Kabla ya kulivika tairi jipya, liachwe juani saa moja. Jua lile lile lililoliua la kwanza sasa litamsaidia mtu, kwa maana mpira ukipata joto hulainika. (Mpira si mgeni katika pwani hii. Neno lenyewe ni jina la mtambaazi wa mwituni, na karne ya 19 watu walikuwa wakiugema utomvu wake katika misitu ya mwambao na kuuza ng'ambo kwa njia ya Zanzibar na Mombasa. Utomvu huo peke yake hunata katika joto na kukatika katika baridi. Mmarekani Charles Goodyear ndiye aliyegundua mwaka 1839 kwamba ukipikwa pamoja na kiberiti, ile madini ya manjano, huwa mgumu na mwepesi kunyumbuka. John Boyd Dunlop alipoufanya mrija wenye upepo kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake mjini Belfast, mwishoni mwa miaka ya 1880, kazi kubwa ilikuwa imekwisha fanywa.) Tairi likilainika, hupakwa maji ya sabuni, likasukumwa ringini kwa mikono na magoti, vyuma vikitumika mwisho tu, kwani huchana ukingo. Kama tairi lina mshale ubavuni, huelekezwa upande wa kwenda mbele.

Hata sasa hakuna lililo la hatari kubwa. Hatari imo katika upepo.

Tairi lisilo na tyubu likivikwa ringini hukaa wazi, na upepo wa pampu ya mguu hutoka upesi kuliko unavyoingia. Dawa yake ni kulizungushia tairi kamba juu ya meno, na kuikaza kwa kijiti mpaka mbavu zitanuke na kugusa ringi. Wako vijana wanaofupisha njia: hunyunyiza petroli ndani ya tairi na kuiwasha, ili mlipuko uzitupe mbavu mahali pake. Mara nyingine hufaulu. Mara nyingine moto hurudi usoni, au tairi hupasuka mikononi, na hapo mtu hajaokoa hata dakika kumi. Wengine hutia upepo wa mashine bila kutazama kipimo. Matairi haya ni mepesi. Yale ya nyuma hutaka ratili 10 hivi tu kwa inchi ya mraba, na ya mbele 14 hivi, wakati ya gari ndogo hutaka karibu 30. Kitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa, na ubavuni mwa tairi pameandikwa kiasi kisichopasa kuvukwa hata wakati wa kuukalisha ukingo.

Ndiyo maana mtunza bustani yule wa Watamu, baada ya kufanya yote kwa mkono wake, huyafunga magurudumu mawili nyuma ya baiskeli na kuyapeleka kwa fundi wa pancha kando ya barabara kuu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeyavika mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mzee. Yamebaki upepo tu."

"Basi njoo huku, usiliinamie. Hili likipasuka hupasuka ubavuni, na uso wako uko papo hapo."

Fundi hutia upepo kidogo, akasimama upande wa meno, akatazama kipimo, akatia tena. Ukingo ukikaa husikika mlio mmoja, kisha wa pili. Baada ya hapo upepo hupunguzwa mpaka kiasi chake, na maji ya sabuni hupakwa pande zote. Povu likichemka mahali, pana tundu. Ringi likiwa la zamani lenye makovu ya kutu, fundi atashauri litiwe tyubu, na shauri hilo si baya, ila mtu ajue ya kuwa tairi lisilo na tyubu likichomwa na mbigiri huvuja polepole, lakini tyubu hulala chini mara moja. Atakayetia tyubu na akwangue kwanza karatasi zote zilizobandikwa ndani ya tairi, zisije zikaitoboa.

Magurudumu yakirudi mahali pake, kijiti, washa na pete zikirejeshwa kila kimoja kwa zamu yake, mashine huteremshwa katika gogo. Kabla ya kuirudisha kazini, mtu hupima kwa rula kutoka sakafuni hadi ncha ya kisu, kushoto na kulia, waya wa plagi ukiwa bado nje. Vipimo vikilingana, waya hurudishwa. Kesho yake asubuhi upepo hupimwa tena, kwa kuwa uvujaji mdogo hauonekani siku ya kwanza.

Yabaki yale matairi mawili ya zamani. Yasichomwe, maana moshi wake ni sumu, wala yasitupwe nyuma ya banda. Tairi lililolala nje hukusanya maji ya mvua ambayo hayatoki, na mbu wa homa ya dengi na chikungunya hutaga humo kwa furaha. Mombasa iliyaona maradhi hayo, dengi mwaka 2013 na chikungunya mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018. Yakatwe vipande, au yatobolewe matundu makubwa na kujazwa udongo, yapandwe mchicha. La mbele, kwa udogo wake, humtosha mche mmoja wa ndimu.

Juma lijalo: kunoa na kusawazisha visu vya mashine hiyo hiyo.